Nikityuni gitaa kwa namna nyingine, shingo itapinda?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina gitaa kavu la nyuzi za chuma, aliniachia marehemu babu. Nataka kulityuni E B E G# B E (sauti za nyuzi sita, kuanzia ule mnene), lakini naogopa litaharibika. (Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hofu yako ina msingi. Ukilinganisha na tyuni ya kawaida, E A D G B E, mtindo huo unapandisha nyuzi tatu: A inakuwa B, D inakuwa E, G inakuwa G#. Mvuto unaongezeka, na kwenye gitaa la zamani daraja (kile kibao kinachoshika nyuzi tumboni) linaweza kuanza kubanduka kwenye ubao. Mimi nisingelivuta hivyo hata siku moja, hasa gitaa la urithi.

Badala yake shusha: D A D F# A D. Hapo hakuna uzi unaopanda. Kisha funga kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote shingoni) kwenye freti ya pili, yaani kijichuma cha pili cha shingo, utapata sauti zilezile ulizotaka.

Nyuzi zikilegea na kunguruma, weka nene kidogo. Ukirudisha tyuni ya kawaida, zungusha funguo polepole, usiupitishe uzi juu ya sauti yake. Ulioota kutu hukatika hapo, nao huruka usoni. Pitisha kidole ukingoni mwa daraja, linapokutana na ubao: ukihisi mwanya, mpelekee fundi kwanza.