Kutoka Hanga Kuingia Darasani: Kwa Mkufunzi Mpya wa Muda wa Ufundi wa Ndege

Umekaa hanga, banda la kutengenezea ndege, miaka kadhaa, leseni unayo, wenzako wanakuamini, kisha chuo kinakupigia simu: njoo utusaidie vipindi viwili kwa wiki. Unakubali hapo hapo. Najua, maana na mimi nilikubali hivyo hivyo, nimesimama chini ya bawa, simu nimeibana begani, mikono imejaa grisi. Huu ni mwaka wangu wa tisa. Mchana fundi, jioni mwalimu, Jumamosi karakana ya chuo. Nakuandikia yale ambayo mimi sikuambiwa na mtu.

La mkataba nalipitia haraka. Mkufunzi wa muda mara nyingi hulipwa saa za darasani tu. Muhula wa kwanza, kila saa ya kufundisha ilinila saa tatu za kuandaa, na hizo hakuna aliyezihesabu. Kwa hiyo kabla hujasaini uliza: nani anatunga mtihani, nani anasahihisha, ribiti na mabati ya alumini yananunuliwa na nani, na kipindi kikifutwa na chuo wewe unalipwa au hulipwi. Uliza pia utakuwa na wanafunzi wangapi karakana. Kanuni za Ulaya za vyuo vya ufundi wa ndege zinaweka ukomo wa wanafunzi 28 kwenye nadharia na 15 kwa kila mkufunzi kwenye vitendo. Za Marekani zinaruhusu hadi 25 kwa mkufunzi mmoja karakana. Kwa maoni yangu hata hao 15 ni wengi siku mnapojifunza kufunga waya wa usalama, ule unaozuia bolti isilegee. Ukiambiwa "watakuwa thelathini hivi, utajipanga," usijipange. Omba msaidizi.

Sasa tuje kwenye lenyewe.

Chuo hakikukuita kwa sababu unajua kusoma slaidi. Walimu wa kudumu wanakuzidi kwa hilo. Umeitwa kwa sababu jana tu ulikuwa kwenye ndege inayoruka. Mwanafunzi analijua hilo, ndiyo maana macho yake hayakai ubaoni, yanakaa mikononi mwako. Unachosema atakiandika kwenye daftari. Unachofanya atakibeba hadi hanga.

Nililijua hili kwa aibu. Ilikuwa muhula wangu wa pili, tunarudishia kifuniko cha ukaguzi kwenye kipande cha mwili wa ndege tunachofanyia mazoezi. Nikaokota bolti kwenye sahani, nikaiweka kando ya ile iliyotoka, nikaona zinafanana, nikaisokomeza. Kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, namba yake tunaiangalia wapi?" Nikamjibu huku nacheka, "Hizi nazijua kwa macho." Darasa zima likacheka. Wiki tatu baadaye, nikiwa nyuma ya kabati la zana, nikamsikia kijana yule yule anamfundisha mwenzake, tena kwa mkazo ule ule wa sauti yangu: "Achana na kitabu bwana, hizi zinajulikana kwa macho."

Habari ya bolti za kufananisha kwa macho iko kwenye karibu kila darasa la makosa ya kibinadamu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeifundisha muhula uliotangulia. Tarehe 10 Juni 1990, ndege aina ya BAC One-Eleven ya British Airways, safari namba 5390 kutoka Birmingham kwenda Málaga, iling'oka kioo cha mbele ikiwa angani. Rubani akafyonzwa nusu mwili nje, wahudumu wakamng'ang'ania miguu mpaka ndege ikatua Southampton. Alipona. Kioo kile kilikuwa kimebadilishwa saa 27 kabla ya safari. Kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, tofauti ya sehemu 26 tu za elfu moja za inchi, na sita zilizobaki zilikuwa na unene sahihi ila fupi. Aliyezifunga hakuwa mgeni wa kazi. Alikuwa msimamizi wa zamu mwenye uzoefu wake, akachukua bolti ya zamani, akatafuta zinazofanana nayo.

Mazoea yana taabu, na taabu yake kubwa ni kwamba yanafundishika.

Kipindi kilichofuata nilisimama mbele nikawaambia nilikosea, na kosa lenyewe nikalitaja. Kisha nikaweka mezani bolti tatu zinazokaribiana, nikawaambia wachague kwa macho ile inayostahili tundu fulani. Walikuwa 14, tisa walikosea. Ndipo tukafungua kitabu cha orodha ya vipuri. Tangu siku hiyo karakana nafanya kazi kitabu kikiwa wazi, hata ukurasa nikiwa naujua kama jina langu. Naweka kidole kwenye namba, naisoma kwa sauti, ndipo nashika zana. Inachelewesha, na wapo wanaoona mwalimu hajui kazi yake. Waache waone hivyo. (Kazini kwangu nako nimeanza kufungua kitabu zaidi kuliko zamani, lakini hilo msimwambie msimamizi wangu.)

Jambo la pili litakushangaza: mkono wako unajua vitu ambavyo mdomo wako haujui. Umekaza maelfu ya nati. Haya, eleza toki, yaani nguvu ya kuzungusha unapokaza, ni nini kwa mtu wa miaka kumi na tisa ambaye hajawahi kufungua hata baiskeli. Mimi nilifika na kanuni. Kwamba ukiunga kipande cha kurefusha mbele ya spana ya toki (ile inayopima nguvu hiyo), kikiwa mstari mmoja na mpini, namba unayoweka kwenye spana lazima ishuke. Tuseme kutoka unaposhika hadi kichwani kuna inchi 10, kipande kina inchi 2.5, na kitabu kinataka paundi-inchi 100. Mia mara kumi, gawa kwa kumi na mbili na nusu, unapata 80. Aliyeacha spana kwenye 100 ameikaza bolti kwa 125 bila kujua. Niliyaandika yote ubaoni kwa mwandiko mzuri. Wakanakili. Kwenye mtihani nikabadilisha urefu wa kipande, nusu ya darasa likazama.

Muhula uliofuata sikuandika kitu. Nilibana bolti kwenye jiliwa, nikampa mmoja spana ya kawaida aifungue akiwa ameshika karibu na kichwa. Akatoa jasho. Akashika mwisho wa mpini, ikafunguka kama mchezo. Kisha tukaleta spana ya toki na kipande chake, nikawauliza: sasa huu mkono umerefuka au umefupika, na spana inajua kwamba umerefuka? Kimya kidogo, halafu binti mmoja wa nyuma akasema, "Haijui. Inadanganywa." Kanuni waliitunga wenyewe dakika kumi baadaye. Nikawaachia swali la kwenda nalo: kipande kikikaa pembe mraba na mpini je? Waliorudi na jibu kwamba namba haibadiliki, wengine walikuwa wamejaribu nyumbani kwa spana na kijiti.

Waya wa usalama nao una mtego wake. Wanafunzi huupenda kwa sababu unapendeza. Waya wa sehemu 32 za elfu moja za inchi, misokoto sita hadi nane kwa inchi, mkia umekunjwa usichome mtu. Wakishaweza hayo wanapiga picha. Usitoe alama kwa uzuri. Weka kidole kwenye waya, muulize mwenye kazi: "Hii bolti ikitaka kulegea, waya unaivuta wapi?" Nimeona kazi safi kama ushanga, kila msokoto sawa na mwenzake, na waya wote ukiwa upande wa kulegeza. Kazi hiyo inapata sifuri, na mwanafunzi aambiwe sifuri imetoka wapi. Aliyesokota ovyo kidogo lakini waya wake unavuta kwenye kukaza, huyo bado anafundishika.

Uchovu. Mwaka 1993 Gordon Dupont, akiwa Transport Canada, idara ya usafiri ya serikali ya Canada, aliorodhesha vyanzo 12 vya makosa ya mafundi, na uchovu umo. Nimewahi kuifundisha orodha hiyo asubuhi baada ya zamu ya usiku, nikaruka kipengele cha uchovu kwa sababu nilikuwa nimechoka. Mwanafunzi ndiye aliyenikumbusha. Pangeni na chuo mapema: baada ya zamu ya usiku hakuna kipindi cha karakana. Nadharia unaweza kujikongoja. Mashine ya kutoboa na vijana kumi na tano haitaki mtu wa kujikongoja.

Zana zihesabiwe kabla na baada, na hesabu isipokamilika kipindi kisiishe. Nina maana hii: kuna Jumamosi ilipungua bisibisi moja fupi, saa kumi na moja jioni, watu wana mabegi mgongoni. Nikafunga mlango. Tulitafuta dakika hamsini. Ilikuwa ndani ya pipa la injini ya mazoezi, imelala juu ya mabomba, mahali ambapo kwenye ndege ya kweli ingesubiri mtikisiko wa kwanza. Kuna aliyekosa usafiri wake siku ile, akaninunia mwezi mzima. Mwaka jana alinitumia ujumbe kutoka hanga anapofanya kazi: wamekaa hadi usiku wa manane wanatafuta tochi.

Saini zako usizitoe kama peremende. Mwisho wa muhula watakujia na madaftari ya vitendo yenye mistari mitupu, na wengine ni vijana wazuri kweli: "Mwalimu, ile ya breki nilifanya siku ambayo hukuwepo." Aliyekuwepo ndiye asaini. Kama hakuna, arudie mbele yako. Ukisaini usichokiona umemfundisha somo moja kamili, na atalikumbuka kuliko yote uliyofundisha muhula mzima.

Vitu vya kazini kwako usivibebe kienyeji. Kurasa za kitabu cha matengenezo cha kampuni zina mwenyewe, na baada ya miezi michache zimeshapitwa na wakati. Omba ruhusa, kisha kila nakala igongwe muhuri kwamba ni ya mafunzo tu. Kipuri kilichokataliwa ni hazina kwa darasa, ila kipakwe rangi au kitobolewe kiasi kwamba hakuna atakayeweza kukirudisha kwenye ndege. Omba hasa vilivyoharibika vibaya. Beringi ya gurudumu iliyoungua inafundisha zaidi ya picha ishirini.

Nimalizie na siku ya bolti iliyokatika, maana na kwako itafika.

Binti mmoja alikuja kwangu amefumba kiganja. Akakifumbua: kichwa cha bolti, shingo imekatika, mwili umebaki ndani ya kasha la injini ya mazoezi, injini pekee tuliyonayo. "Mwalimu, imekatika mkononi mwangu." Hasira ilinipanda, sikufichi. Kisha nikagundua karakana nzima imenyamaza. Wote walikuwa wameacha zana, wananiangalia nitafanya nini.

Nikamuuliza aliweka namba ngapi kwenye spana. Akaitaja, nikaiangalia, ilikuwa sahihi. Tarehe ya kupimwa kwa spana, sawa. Kitabu kilikuwa wazi mbele yake, ukurasa ndio wenyewe. Tukaipeleka ile bolti kwenye mwanga, na kwenye nyuzi zake kulikuwa na kitu kinang'aa. Mafuta. Namba ile ya kitabu ilikuwa ya nyuzi safi na kavu. Nyuzi zikiwa na mafuta msuguano unapungua, spana inasoma namba ile ile huku bolti ikivutika kupita uwezo wake.

Mafuta yale niliyapaka mimi, wiki moja kabla, ili bolti zisishike kutu.

Tulitumia saa nzima iliyobaki kutoa kile kisiki, yeye ndiye akishika mashine, mimi nikishika taa. Somo la breki likasogezwa Jumamosi iliyofuata. Kwenye daftari la hitilafu la karakana, sehemu ya chanzo, niliandika: mkufunzi amepaka mafuta bila kuangalia kitabu. Nikampa asome kwanza, ndipo nikasaini.