Mpelekeni Forodhani, lakini saa tatu asubuhi

*Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka 6 kasikia skuli kwamba Unguja palipiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani. Tangu hapo haishi kuuliza: wapi, na walikufa wangapi? Baba yake anataka tumpeleke Jumapili. Mavyaa wangu hataki, anasema mtoto hapelekwi penye damu ya watu. Nimsikilize nani? Mama wa Mwanakwerekwe*

Marahaba, mwanangu. Mpelekeni Forodhani, pale ufukweni mbele ya Mji Mkongwe, na mavyaa wako mumchukue. Yeye kakumbuka jambo ambalo wengi hulisahau kwa kuzichekea zile dakika 38 za vita vyetu na Waingereza: tarehe 27 Agosti 1896 watu wetu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wakiwemo raia wengi pamoja na watumishi na watumwa wa kasri. Kwa Waingereza aliumia baharia mmoja. Mtoto akiuliza wangapi, mjibuni hivyo hivyo. Asilouliza msimwongezee.

Shida ya pahala penyewe ni kwamba vita havionekani tena. Mtoto anategemea askari, anakuta bustani na magari. Kwa hiyo tumieni saa. Mizinga ilianza saa 3:02 asubuhi, ikanyamaza kiasi cha saa 3:40. Fikeni saa 2:45, kaeni mkitazama bahari, kwani meli tano za Waingereza zilikuwa huko. Ikifika saa 3:02 mwambieni "imeanza", kisha mwende polepole kuelekea kasri, mkisimama kila anapotaka. Saa 3:40 mwambieni "basi". Hapo miguu yake itakuwa imejua dakika 38 ni ndefu kiasi gani kwa aliyekuwemo ndani.

Bustani iliyo baina ya jumba la Beit al-Ajaib na kasri ndipo ilipokuwa Beit al-Hukm, nyumba ya wanawake wa kasri, iliyobomolewa kwa mizinga. Wekeni kwenye simu picha ya magofu ya siku zile, muinyanyue mbele ya bustani alinganishe. Picha za maiti hapana. Beit al-Ajaib itazameni kwa mbali tu. Sehemu yake iliporomoka Disemba 2020.

Baba yake ndiye ninayemhofia. Akianza mikataba, makonsuli na nani binamu wa nani, mtoto atakimbilia paka. Yatosha haya: mfalme alikufa, Khalid bin Barghash akaingia kasri ili atawale yeye, Waingereza hawakumtaka, wakamwambia atoke kabla ya saa tatu, akakataa. Swali litakalofuata nalijua: aliuawa? La. Alikimbilia kwa konsuli wa Wajerumani, akavushwa Dar es Salaam, akaja kufa Mombasa 1927. Na meli yake Glasgow ilizama hapo hapo bandarini. Milingoti ikabaki imechomoza majini miaka mingi, hadi ilipoondolewa 1912. Hilo la milingoti ndilo atakalokwenda kuwasimulia wenziwe.

Chooni aende kabla ya kutoka nyumbani. Kofia, maji nusu lita, na kitu cha kutafuna. Akianza kupiga bunduki za mdomo, msimfokee. Watoto hucheza walichosikia. Mazungumzo yaishe mchana, yasifike kitandani.

Pale bustanini mwachieni bibi yake. Awasomee Fatiha marehemu, mtoto akiwa kamshika mkono.

Kisiwani Chapwani, kwenye makaburi ya mabaharia wa Pegasus, meli ya Waingereza iliyozamishwa na Wajerumani 1914, msiende siku hiyo. Boti na jua la adhuhuri vitamchosha. Angojee akue kidogo.