Jibu: Black Mirror imenishinda sehemu ya kwanza, niendelee au niache?

Habari mkuu. Umesema ulianza Black Mirror, ule mfululizo wa TV wa Uingereza kuhusu teknolojia na madhara yake, kwa ile sehemu ya Waziri Mkuu wa Uingereza na nguruwe, ukazima kwa kichefuchefu, na sasa huelewi watu wanasifia nini.

Kwanza jua hili: si lazima ufuate mpangilio. Kila sehemu ina hadithi yake na waigizaji wake, hata ukirukia msimu wa 3 hupotezi kitu. Hiyo ya nguruwe ilitoka 2011 na imewakimbiza wengi, si wewe tu.

Mimi ningekupeleka kwenye "Nosedive" ya 2016. Lacie anasimama mbele ya kioo akifanyia mazoezi kicheko chake, maana kila anayekutana naye humpa nyota kwa simu, mwisho tano. Utamcheka, halafu utaanza kujishtukia. Ukitaka kupumua, nenda "San Junipero", iliyobeba tuzo 2 za Emmy (tuzo za televisheni za Marekani) mwaka 2017. Ile ni mapenzi kuliko vitisho.

Ila "USS Callister" ya msimu wa 4 ina mwendelezo msimu wa 7, huo mwendelezo usiurukie kabla ya kuiona ya kwanza. Msimu wa 7 wenyewe sijaumaliza, siwezi kuusemea. Na usiangalie mbili mfululizo usiku, utakosa usingizi bure.