Mama ana sukari, shangazi anampa mwarobaini na kombe

Pole sana ndugu, nimekuelewa, mama kaacha metformin, vidonge vyake vya sukari, tangu shangazi alete mwarobaini na kombe na wewe ukisema kitu unaambiwa umesoma sana. Usianze kwa kuzitukana hizo dawa, utampoteza. Kombe, yaani ile aya iliyoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe ikaoshwa kwa marashi ya mawaridi, mwache anywe kama maji ni safi, inamtuliza roho na hiyo nayo ni tiba. Halafu mwambie hata metformin asili yake ni majani, kuna mmea wa Ulaya unaitwa galega, watu walikuwa wanautumia zamani huko, kwa hiyo hospitali na miti shamba si maadui kihivyo.

Mwarobaini ndo wa kuangalia. Unaweza kushusha sukari, na ukichanganya na vidonge, hasa glibenclamide, kidonge kingine cha sukari, inaweza kushuka kupita kiasi. Ukiona anatetemeka, jasho jembamba, anaongea ovyo, kama anameza mpe maji ya sukari haraka, akilegea usimnyweshe kitu, kimbiza hospitali.

Kesho mpime asubuhi kabla hajala, andika, kisha nendeni kliniki na hayo majani mkononi, daktari ayaone. Vidonge arudie kwa maelekezo yao. Na mganga yeyote atakayesema acha vya hospitali kabisa, kimbia, mwaka 2011 kikombe cha dawa cha Babu wa Loliondo kilikuwa shilingi 500 tu na kuna watu waliacha ARV, dawa za UKIMWI. Shangazi mchukue muende naye kliniki, akisikia mwenyewe atapoa.