Kompyuta ya mezani iliyo kimya: maswali yenu, majibu ya mafundi

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wasomaji wanaojiunganishia kompyuta wenyewe na wamechoka na mvumo wa feni. Sauti tumeipima kwa desibeli. Ikumbukwe kwamba desibeli 10 zikiongezeka, sikio huona kelele imekaribia kuwa maradufu.

Naunganisha kompyuta ya kurekodia simulizi chumbani, hapa Dodoma. Nikirekodi nazima pangaboi na kufunga dirisha. Ninunue nini kwanza ili maikrofoni isinase mvumo?

Anza na wati. Feni zije baadaye. Umeme wote unaoingia kwenye prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi ya michoro (inayochora picha za skrini) hugeuka joto, na joto hilo huondolewa na hewa. Wati zikiwa chache, hewa inayohitajika ni kidogo na feni hutulia. Hakuna sponji ya kufyonza sauti wala kasha la bei litakalokupa ukimya kama huo.

Kwa kazi ya sauti huhitaji kadi ya michoro kabisa. Nunua prosesa yenye michoro ndani yake: kwa AMD, Ryzen 5 7600 inatosha, na Ryzen 7 7700 inatosha na kubaki. Usichukue Ryzen 5 7500F, wala prosesa ya Intel inayoishia na herufi F. Hizo hazina michoro, kwa hiyo utalazimika kununua kadi, na kadi itakuja na feni zake.

Soma pia namba za kwenye boksi kwa makini. Ryzen 7000 iliyoandikwa wati 65 inaruhusiwa kuvuta hadi wati 88, na iliyoandikwa 105 hufika 142. Core i5-13400 ya Intel nayo imeandikwa 65, lakini ikikazwa hupanda hadi 148. Kama tayari una 7700X, ingia BIOS (mipangilio inayofunguka kabla ya Windows), tafuta Eco Mode, yaani hali ya kupunguza umeme, na uchague 65, kikomo kitashuka hadi 88. Kwa kuhariri sauti hutaona tofauti ya maana.

Kipoza kinachokuja na prosesa, yaani chuma chenye feni kinachoondoa joto lake, kinafanya kazi yake, ila mapezi yake ni madogo, hivyo feni lazima ikimbie. Kiache kwenye boksi. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina minara miwili, mirija sita ya joto na feni mbili za milimita 120, na bei yake si kubwa. Kwa wati 88 feni hizo huzunguka taratibu. Kabla ya kulipa, angalia kasha lako linaruhusu kipoza cha urefu gani: hiki kina milimita 155. Noctua NH-D15 ina 165, na makasha mengi membamba hayaipokei.

Halafu fikiria kasha litakaa wapi. Mahali pa wazi, kila unapozidisha umbali mara mbili, sauti hushuka karibu desibeli 6. Chumbani hushuka pungufu ya hapo kwa sababu kuta zinairudisha. Weka kasha sakafuni, upande wa pili wa meza, na maikrofoni inayosikiliza mbele tu uielekeze ili kompyuta iwe nyuma yake. Na kwa kuwa unafunga dirisha, upimaji wako wote ufanye saa nane mchana. Joto la chumba likipanda nyuzi 5, la prosesa nalo hupanda karibu hizo hizo 5, na mpangilio uliokuwa kimya alfajiri utaanza kuvuma.

Kasha lililofungwa lenye sponji ndani, au lenye wavu mbele? Niko Mombasa.

Wavu. Kasha lililofungwa, mfano Fractal Design Define 7, limetengenezwa vizuri na sponji yake hupunguza kweli milio myembamba. Lakini sponji haizuii mvumo mzito, na mlango wa mbele hubana njia ya hewa. Kwenye chumba cha nyuzi 20 hilo halisumbui. Mombasa, chumba kikiwa na nyuzi 31, feni zitapandisha kasi kufidia mlango huo, na faida ya sponji itaishia hapo.

Kasha lenye wavu linataka usafi. Feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili hewa ipitie kwenye machujio badala ya kujipenyeza kwenye nyufa na kuleta vumbi. Chujio lisafishwe kila baada ya wiki mbili au tatu: lioshe kwa maji, likauke kabisa, ndipo lirudi. Ukipuliza vumbi kwa bloa, shikilia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke. Yakizungushwa na bloa hupita kasi yaliyotengenezewa, na beringi huharibika. Baada ya hapo feni haitakuwa kimya tena.

Feni ngapi, za ukubwa gani, na plagi ya pini tatu au nne?

Tatu kwa kompyuta ya kawaida: mbili mbele, moja nyuma. Kasha likikubali milimita 140, chukua hizo.

Watu wengi huogopa kuongeza feni wakidhani wanaongeza kelele, kwa hiyo tuhesabu. Feni ikishushwa kutoka mizunguko 1,200 kwa dakika hadi 900, kelele hupungua kwa desibeli 6 hivi. Ukiongeza ya pili inayofanana nayo, unarudisha desibeli 3. Umebaki na faida ya 3, na hewa imeongezeka kwa nusu, maana hewa hufuata kasi moja kwa moja: mbili za 900 hupitisha sawa na moja ya 1,800. Ndiyo sababu tunapendelea feni kadhaa za polepole kuliko moja ya mbio.

Desibeli za kwenye boksi zisikuamulie. Kila kampuni hupima kwa namna yake, na mara nyingi kwa kasi ya juu ambayo wewe hutaitumia. Angalia kasi ya chini kabisa ambayo feni inaweza kukaa. Arctic P12 PWM hushuka hadi mizunguko 200 kwa dakika, na ni ya bei nafuu. Noctua NF-A12x25 ni ghali, ila sauti yake ni laini, haina mnguno unaokera.

Pini nne ni bora. Za pini tatu hudhibitiwa kwa kupunguza volti, na zikishushwa sana zingine hugoma kuanza. Kosa tunalolikuta mara kwa mara: feni ya pini tatu imechomekwa, BIOS imeachwa kwenye PWM (udhibiti wa feni za pini nne), na feni inakimbia kasi ya mwisho muda wote. Badilisha tundu hilo liwe DC (udhibiti wa volti), itatulia papo hapo.

Feni zangu hupanda na kushuka kila baada ya sekunde chache, hata nikifungua tovuti tu. Prosesa ni Ryzen 7 7700X. Nimeshabadilisha feni mara mbili, hali ni ile ile.

Usinunue feni nyingine, ndugu yetu. Tatizo liko kwenye mpangilio.

Ryzen za kizazi hiki huruka nyuzi 15 au 20 kwa sekunde moja programu ikifunguliwa, kisha hurudi. Ni kawaida yake, na imeundwa kuhimili hadi nyuzi 95. Chuma cha kipoza chenyewe bado hakijapata joto, lakini ubao mama (unaobeba prosesa na sehemu nyingine) unasoma joto la prosesa na kukurupusha feni. Sikio huzoea mvumo usiobadilika; unaopanda na kushuka halizoei. Kwa hiyo fanya hivi.

Ingia BIOS, sehemu ya feni: kwa Asus inaitwa Q-Fan, kwa Gigabyte ni Smart Fan. Kwa feni za kipoza, weka asilimia 30 ya kasi bila kubadilika hadi nyuzi 65. Nyuzi 75 ziwe asilimia 45, nyuzi 85 ziwe 65, nyuzi 92 ziwe 100. Mstari huo bapa wa mwanzo ndio unaoua kurukaruka. Kisha tafuta muda wa kusubiri kabla ya kupanda na uuweke sekunde 4 au 5. Wa kushuka uwe mrefu zaidi. Joto linaloruka kwa sekunde moja litapita bila feni kushtuka.

Feni za kasha zisifuate prosesa kabisa. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo FanControl inayoweza kuzifungia kwenye joto la kadi ya michoro, na kadi ndiyo inayopasha hewa ya ndani ya kasha unapocheza gemu.

Ukimaliza, zungusha kila feni peke yake kwa hatua za mizunguko 50, kuanzia 500 hadi 1,200, ukisikiliza. Utakuta kasi moja au mbili ambapo kasha zima linanguruma. Hapo mtetemo wa feni umelingana na mtetemo wa bati. Panga mstari uvuke kasi hizo haraka, usitulie juu yake. Skrubu za feni ukizibadilisha kwa vishikizo vya mpira, mngurumo huo hupungua sana.

Na Eco Mode tuliyoitaja juu inakuhusu wewe kuliko mtu yeyote.

Kupoza kwa maji ni kimya zaidi?

Kwa prosesa ya wati zaidi ya 200, huenda. Kwa zilizo chini ya 150, hapana. Mfumo wa maji unazo feni zilezile, na juu yake umeongeza pampu isiyonyamaza hata kompyuta ikiwa haina kazi. Kama umeshaununua, hakikisha pampu si sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa maji. Mapovu hupanda juu. Yakijikusanya ndani ya pampu utasikia gurugurugu, na pampu itachakaa mapema. Rejeta, sehemu yenye feni inayopoza maji, ifungwe upande wa juu ndani ya kasha. Ikibidi ikae mbele, ukingo wake wa juu uwe juu ya pampu.

Kadi yangu mpya ya michoro inapiga mluzi mwembamba nikicheza gemu. Imeharibika?

Haijaharibika. Ni koili zake: mkondo wa umeme ukibadilika kwa kasi, waya za koili hutetemeka, na mtetemo ukiangukia kwenye masafa ya sikio unausikia kama mluzi. Mara nyingi huzidi kwenye ukurasa wa menyu, ambapo kadi inachora picha mamia kwa sekunde bila faida yoyote.

Hakikisha kwanza kwamba si feni. Zungusha gazeti liwe bomba, upande mmoja sikioni, mwingine uupitishe karibu na kadi, pawasapulai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) na ubao mama. Ukithibitisha ni kadi, weka kikomo cha picha kwa sekunde kwenye programu ya kadi: kama skrini huonyesha picha 60 kwa sekunde, andika 60. Hiyo peke yake huponya kesi nyingi.

Hatua ya pili ni MSI Afterburner, programu ya kudhibiti kadi. Shusha kikomo cha nguvu hadi asilimia 80. RTX 4070 ya wati 200 itabaki na 160, na upungufu wa picha utakuwa mdogo kuliko upungufu wa kelele, kwa sababu wati za mwisho huongeza kasi kidogo sana. Kama mluzi bado unakukera na dukani wanapokea bidhaa ndani ya siku kadhaa, rudisha upewe nyingine. Kadi mbili za aina moja hazipigi mluzi sawa.

Kwa anayenunua sasa: angalia kama feni za kadi husimama kabisa isipokuwa na kazi, na ukiweza chagua yenye kipoza kikubwa. RTX 4060 ni ya wati 115 tu. Ikivishwa kipoza cha feni mbili kubwa, ni rahisi kuituliza.

Pawasapulai inanguruma tukiwa kwenye sola, umeme wa gridi ukirudi inanyamaza. Tatizo nini?

Inveta yako. Zile za bei ya chini hutoa umeme wa mawimbi ya ngazi badala ya mawimbi laini, na UPS nyingi ndogo hufanya vivyo hivyo zikiwa kwenye betri. Pawasapulai za kisasa hazipendi umeme wa namna hiyo. Koili zake huunguruma, na nyingine huzima kabisa. Tiba ni inveta au UPS ya mawimbi kamili. Kubadilisha pawasapulai kunaweza kupunguza kelele, lakini chanzo kitabaki.

Ukinunua pawasapulai kwa ajili ya ukimya, kompyuta inayovuta wati 300 ipe ya 650 au 750, daraja la Gold la ufanisi wa umeme, ambayo feni yake husimama mzigo ukiwa mdogo. Kampuni ya Cybenetics hupima kelele za pawasapulai na kuzipa madaraja: A+ iko chini ya desibeli 20, na chumbani huwezi kuitofautisha na kimya. Feni yake ielekee chini, na kasha lisikalie zulia.

Nina diski ya zamani ya terabaiti 4. Niifanye nini?

Windows na programu ziende kwenye SSD, ambayo haina kinachozunguka. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutetemeka mara 120 kwa sekunde, na bati la kasha huukuza mtetemo huo ukasikika chumba kizima. Iweke juu ya vishikizo vya mpira na skrubu usizikaze hadi mwisho. Kwenye mpangilio wa umeme wa Windows, iagize ilale baada ya dakika 20 bila kutumika. Ikiwa ni ya kuhifadhi nakala tu, itoe kabisa na uichomeke kwa USB siku unayoihitaji.