Maswali ya Wasomaji: Je, Kipaji Kilimtosha Siti?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwalimu wetu wa fasihi husema kwamba Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, aliushinda ufukara kwa kipaji chake. Je, kipaji pekee kilitosha?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, hakikutosha. Siti alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, yapata mwaka 1880, katika familia ya wakulima na wafinyanzi, naye alitembeza vyungu akivinadi kwa sauti ile ile iliyompatia jina baadaye. Alipohamia mjini mwaka 1911 hakujua kusoma wala kuandika, na wapo waliomsimanga hadharani kwa kuwa alikuja na kaniki, vazi jeusi la watu maskini. Walikuwapo pia wanamuziki waliomfundisha na kupiga naye, na mwaka 1928 walisafiri naye hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili.

Kwangu mimi, ukubwa wake umo hasa katika wimbo wa Kijiti, unaosimulia jinsi muuaji wa mwanamke alivyotorokea Bara huku mashahidi wakifungwa. Kuyaimba hayo chini ya utawala wa kikoloni kulihitaji moyo. Usome wasifu wake ulioandikwa na Shaaban Robert, kisha uzitafute nyimbo zenyewe.