Hema jangwani: vigingi vya kawaida havishiki mchanga

Aliyeuliza kama hema la kawaida litamfaa kwa usiku mmoja jangwani: litamfaa. Kitakachomwangusha ni vigingi. Kigingi chembamba kwenye mchanga mkavu hata ukikigongelea mpaka kichwani, upepo wa kwanza wa maana unaking'oa.

Dawa yake ni kufukia mifuko. Kwa kila kamba, jaza mfuko mgumu mchanga wa kilo 3 au 4, funga kamba shingoni, chimba shimo la sentimita 40, utie mfuko, fukia, kisha kanyaga mpaka mchanga ushike. Wengi hukosea hapa: kamba inapanda wima kutoka shimoni, hivyo ikivutwa inaunyanyua mfuko. Chora mfereji mwembamba kutoka kwenye shimo kuelekea hema ili kamba itoke ikiwa imelala. Huna mifuko? Kipande cha mti cha sentimita 30, kifunge kamba katikati na ukifukie kikiwa kimekingama na mvuto wa kamba. Asubuhi chimba, usivute. Utakata kamba bure.

Mahali pa kulala pachague kungali na mwanga. Sakafu ya mto mkavu inavutia kwa kuwa ni tambarare na ina kivuli, lakini mvua ikinyesha mbali huko juu, maji yanakufikia wewe ukiwa chini ya nyota, hakuna hata wingu. Usilale humo. Bondeni kabisa nako hewa baridi hutuama, kwa hiyo panda kidogo. Ukipata mwamba, kaa upande wake wa magharibi, jua la asubuhi likuchelewe.

Kuhusu baridi, jioni mchanga bado una joto na watu wanadanganyika. Hewa ni kavu na mara nyingi hakuna mawingu, joto lote linapaa, na kuelekea alfajiri unaweza kukuta limeshuka nyuzi 20 kutoka la mchana. Baridi inayoumiza inatoka chini. Godoro la upepo peke yake ni baya, hewa ya ndani inapoa pamoja na mchanga. Tandika sponji kwanza. Ukiwa na blanketi mbili na huna sponji, moja iende chini. Na fulana uliyotoka nayo jasho usilale nayo.

Maji: lita 5 za kunywa kwa mtu kwa siku, 2 za kupikia, na akiba ya siku nzima isiyoguswa. Gawanya kwenye madumu kadhaa, moja likivuja usibaki mkavu. Vyombo sugua kwa mchanga kwanza, ufute, ndipo usuuze.

Kama unaendesha kwenye mchanga laini, punguza upepo wa matairi hadi psi 18 hivi, na uwe na pampu ya kurudishia kabla ya lami.

Zipu ikigoma, tumia mswaki mkavu. Mafuta yanakamata mchanga na kuimaliza kabisa. Viatu viingize ndani ya hema, na bado uvikung'ute asubuhi kwa ajili ya nge. Tochi ya mwanga wa urujuanimno (UV) inawaonyesha waking'aa kijani.

Moto usiuzime kwa kuufukia. Makaa chini ya mchanga hukaa na moto kwa saa nyingi bila kuonekana, na mtu wa pekupeku hukanyaga hapo hapo. Mwagia maji, koroga, mwagia tena, mpaka uweze kuweka kiganja juu yake.